Mwewe Naye Ana Mabawa Mawili

 

Leo tukae Mkata. Mkata hii ya Handeni, ambayo wengi wenu mmeipita mkiwa mmelala ndani ya basi la Moshi au la Tanga. Ukishaiacha Chalinze na kuvuka Wami, unaendelea mpaka unafika njiapanda. Ukinyoosha unakwenda Kabuku na Segera. Ukikata kushoto unaingia Handeni mjini, na ukiishika njia hiyo mpaka mwisho inakutoa Korogwe. Bodaboda wamejipanga wakisubiri wanaoshuka, magunia ya mkaa yamesimama kandokando ya lami, msikiti upo, kanisa lipo. Wapitaji wengi wanaijua Handeni kwa utani mmoja tu, ule wa waganga. Mtu akisema anakwenda Handeni, wenzake humwuliza kama amefukuzwa kazi au ameachwa. Utani huo tutaurudia, kwa sababu si kila mtu anaucheka. Ila nchi hii ya Wazigua ina habari nyingine, nzito kuliko hiyo, na ndiyo iliyonileta mbele ya kipaza sauti nizungumzie imani, akili na utu wa mtu.

Wasomi wa dini wamelijadili jambo hili la imani na akili kwa karne nyingi. Ibn Rushd, kadhi na mwanafalsafa wa Kordoba katika karne ya 12, alishikilia kwamba ukweli haupingani na ukweli, kwa hiyo Mwislamu asiogope hoja. Karne moja baadaye Thomas wa Akwino akasema karibu neno hilohilo kwa Wakristo. Na mwaka 1998 Papa Yohane Paulo wa Pili akatoa waraka mzima juu ya imani na akili, akazifananisha na mabawa mawili ya kumwinua binadamu kuuelekea ukweli. Ni mfano mzuri, nami sina ubishi nao. Lakini sisi tuliolelewa kwenye nyumba zenye kuku tunalijua jambo moja: mwewe naye ana mabawa mawili, tena mazima kabisa, na anayatumia kushuka uani na kupaa na kifaranga. Bawa linainua. Halikwambii uende wapi. Hapo ndipo ninapotaka tupasumbukie jioni hii, na sitapasumbukia kwa nadharia, maana ipo habari ya kweli ya watu wa hapahapa.

Miaka ya 1830, karibu na mwaka 1836, Uzigua ilipigwa na njaa kali. Mvua zilikata, maghala yakakauka. Wakati huohuo, ng'ambo ya maji, Sultani Seyyid Said alikuwa anaijenga Zanzibar, mikarafuu inapandwa, watu wa kazi wanatafutwa. Wazigua wakashuka pwani, Pangani na Saadani, wakitafuta nafaka. Kwanza yalikwenda mali na mifugo. Kisha watoto wakawekwa rehani. Kisha watu wazima wakajitoa wenyewe. Masimulizi ya wajukuu zao yanasema waliambiwa watavushwa kwenda kufanya kazi wapate chakula, na mvua zikirudi nao watarudishwa kwao. Wakapanda majahazi. Wengine waliteremshwa Zanzibar, na wengine walipelekwa mbali zaidi kaskazini, Barawa, Marka na Mogadishu, wakauzwa kwa wenye mashamba ya bonde la mto Shebelle, ambako kilimo cha nafaka, ufuta na pamba kilikuwa kinapanuka. Waliodhani wamekwenda kibarua wakajikuta watumwa.

Sasa tusikimbie. Tumtazame baba mmoja wa wakati ule, bila jina, maana majina yamepotea. Ana watoto wanne. Ghala limefagiliwa hadi vumbi. Anapiga hesabu: nikibaki nao wote, tutakufa wote. Nikimtoa mmoja, wanaobaki watapata kitu cha kupika, na yule anayekwenda atakula huko aendako. Msikilizaji, nimeigeuza hesabu hiyo mara nyingi, na sioni kosa ndani yake. Watano wakifa si bora kuliko wanne wakipona. Mwenye jahazi naye alikuwa na hesabu yake ya gharama za safari, bei ya Zanzibar, bei ya Barawa. Mwenye shamba la Shebelle alikuwa na yake. Kila mmoja alitumia akili barabara, na mwisho wa akili zote hizo kulikuwa na mtoto amekaa chini ya jahazi pamoja na bidhaa nyingine, naye ni bidhaa.

Mtaniuliza, imani ilikuwa wapi? Ilikuwepo. Wafanyabiashara wale wengi walikuwa watu wa sala tano. Tena sheria yao ilikuwa wazi kupita kiasi. Msingi wa fikihi ni kwamba muungwana hauzwi, hata akikubali mwenyewe, kwa sababu uhuru wake si mali yake ya kuuza. Na ipo hadithi aliyoipokea Bukhari inayomtaja mtu aliyemuuza muungwana akala thamani yake kuwa miongoni mwa watatu ambao Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mzigua aliyeshuka Pangani na njaa yake alikuwa mtu huru. Kwa kipimo hicho kile kilichofanyika hakikuwa halali hata kidogo. Lakini ikatafutwa njia ya pembeni: hawa ni makafiri wa bara, hawahesabiki.

Mkristo asicheke. Mwaka 1452 Papa Nikolasi wa Tano alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia utumwani watu wasio Wakristo, na Wareno waliitumia ruhusa hiyo ipasavyo. Kitabu chao kilikuwa kinasema katika sura yake ya kwanza kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Waliisoma, wakaipigia kengele, wakapakia meli.

Wala wanafalsafa wasijitenge pembeni kama watu wasafi. Aristotle, mwalimu wa Ibn Rushd na wa Thomas pia, aliandika kwamba wapo watu ambao kwa maumbile yao ni watumwa. Na Immanuel Kant, yule Mjerumani wa Königsberg, mwaka 1785 aliandika jambo ambalo mimi nalihesabu miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kuandikwa: kwamba kitu chenye bei unaweza kukibadilisha kwa kingine kinacholingana nacho, lakini binadamu hana bei, ana hadhi, na hakuna kinacholingana naye. Maneno hayo ungeweza kuyapeleka Pangani mwaka wa njaa ukayasoma mbele ya mizani. Ila Kant huyohuyo, mwaka 1764, alikuwa amewaandika watu weusi kwa dharau ambayo sitaisoma redioni. Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko yeye.

Na kama unadhani nawanyooshea vidole Waarabu na Wazungu peke yao, ngoja. Baada ya njaa kupita, na bunduki kutoka pwani zilipoanza kuingia bara, wapo Wazigua waliogeuka wawindaji. Maarufu wao ni Kisabengo, aliyejenga mji wenye boma hapo tunapopaita leo Morogoro.  Kisabengo alikusanya watu, wakiwamo watumwa waliotoroka, kisha akaishi kwa kuvamia majirani na kuuza mateka. Ndugu za waliouzwa wakawa wauzaji. Kuonewa hakumfundishi mtu kutokuonea. Tungependa iwe hivyo, lakini sivyo.

Basi turudi Shebelle, maana huko ndiko lilikotokea jambo ninalolipenda kuliko yote katika habari hii.

Miongoni mwa Wazigua waliokuwa utumwani alikuwamo mwanamke, jina lake Wanankhucha. Masimulizi yake yamekusanywa kwa wazee wa bonde la mto Juba na watafiti wawili wa Italia kwa nyakati tofauti, Vittorio Grottanelli na baada yake Francesca Declich. Alikuwa mtabiri. Alisoma ishara, watu walimsikiliza, na neno lake lilikuwa na uzito kwa wanaume na wanawake. Kwa lugha ya abiria wetu wa pale Mkata, huyu angeitwa mganga wa Handeni! Na mganga huyu aliwaambia watu wake kwamba wao si watumwa, kwao kupo, na wataondoka.

Tena hakuwaambia waondoke kesho asubuhi wakipiga kelele. Waliandaa kwa siri. Waliondoka kwa pamoja, wakashika njia ya kusini, upande wa nyumbani. Walipofika kwenye misitu ya mto Juba, kwenye nchi inayoitwa Gosha, safari ikasimama. Wanaosimulia hawakubaliani wote kuhusu sababu. Wengine wanasema ardhi ilitetemeka na Wanankhucha akaichukua kuwa ishara ya kubaki. Mimi naona na jambo jingine: msitu ule ulikuwa na mbung'o wengi, na wafugaji wenye ng'ombe na ngamia hawakuwa na hamu ya kuingia humo kufuata mtu. Kama ni ishara, ilikuwa ishara yenye akili nyingi. Waliufyeka msitu, wakalima, wakapigana ilipobidi, na watoro wengine wakaja kujiunga nao, Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa.

Hapo ndipo ninapopata jibu la swali la mwewe. Wanankhucha alikuwa na imani, tena imani ambayo misikiti na makanisa yetu leo yasingeitambua. Alikuwa na akili ya kupanga. Lakini vyote viwili vilianzia mahali fulani, kwenye jambo ambalo hakulithibitisha kwa hoja wala kulingojea literemke: kwamba watu hawa ni watu. Utu haukuja mwisho wa mjadala, kama tuzo kwa aliyeshinda kwa hoja. Ulikuwa pale kabla ya mjadala kuanza, na imani na akili vilipaswa kuutumikia, vikishindwa vijulikane kuwa vimeshindwa.

Najua shehe mmoja au padre mmoja anatikisa kichwa sasa hivi. Atasema, ndugu mtangazaji, utu unatoka kwa Mungu, huwezi kuuchukua ukautumia kupimia imani. Mimi namjibu kwa heshima. Kama katika sura ya Al-Israa, aya ya 70, Mungu anatangaza kwamba amewatukuza wanadamu, bila kusema wa kabila gani wala wa dini gani, basi anayeipima imani yangu kwa namna ninavyomtendea mwanadamu ananipima kwa neno la Mungu, si kwa neno lake mwenyewe. Na kitabu cha Mwanzo kinaliweka vivyo hivyo. Waliokipindisha kipimo ni wale waliosema "makafiri wa bara".

Njoo sasa kwenye njaa nyingine, ya karibu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Wengi walikuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, na upande wa mashtaka unasema walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Yeye amekana mashtaka. La mahakama tuiachie mahakama. Ninachokitazama mimi ni jinsi mambo yalivyogeuka kichwa chini. Uzigua, njaa ilikuja yenyewe, na akili ikamtoa mtoto ili tumbo lipone. Shakahola, mashamba ya Kilifi hayakuwa na njaa ile. Njaa ililetwa na mahubiri, na mtoto akatolewa ili roho ipone. Wa kwanza walikosa mtu wa kuwaambia kwamba hesabu ikiwa sahihi kabisa bado inaweza kuwa dhambi. Wa pili walifundishwa kwamba kuuliza ndiyo dhambi. Katika misiba yote miwili, aliyelipa kwanza ni mtoto, ambaye hakuwa na hesabu wala hakuwa na mahubiri.

Na sasa ule utani wa waganga. Nimesema si wote wanaucheka. Mtu anayekwenda kwa mganga kutafuta dawa ya miti kwa ajili ya tumbo lake, hilo ni shauri lake. Lakini kuna ile inayoitwa ramli chonganishi. Mtoto amekufa kwa homa, anaitwa mtu kutoka mbali, anapiga ramli, na ramli siku zote inampata mchawi yuleyule: bibi kizee, mjane, macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni wa miaka 60, hana mtoto wa kiume wa kumtetea. Nchi hii ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928. Januari 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Serikali ilipiga marufuku ramli hizo. Sheria zote hizo ni nzuri. Hata hivyo, kule kijijini ramli haishindwi na sheria, inashindwa na mtu mmoja anayesimama kwenye mkutano na kusema, huyu ni mama yetu, mtoto alikuwa na malaria, cheti cha zahanati hiki hapa. Mtu huyo anahitaji akili ya kusoma cheti na imani ya kutoogopa kurogwa usiku ule. Ukimwondolea moja, anakaa chini na kunyamaza.

Tena tusiipige imani mawe mfululizo kama vile haikufanya jema hapa. Huko Handeni, Kwamkono, ipo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Waanglikana. Masista wa Kiingereza walihudumu pale miaka mingi, na pakawa na bweni la watoto waliolemazwa na polio, wapate matibabu, vyuma vya miguu na shule. Mtaalamu wa bajeti angeweza kuwaonyesha masista wale kwamba fedha hizo zingefanya mambo makubwa zaidi penginepo. Pengine angekuwa sahihi. Ila mtoto aliyekuwa anatambaa akasimama, na hesabu ile haina safu ya kumwandika.

Nimalizie safari ya watu wa Gosha, maana haikuishia msituni. Waitaliano walipoitawala Somalia, waliwakamata watu wa mto Juba na kuwatumikisha kwa nguvu kwenye mashamba yao makubwa. Baada ya uhuru wa Somalia waliendelea kuwa watu wa daraja la chini, wakiitwa Wamushunguli na majina mengine mabaya zaidi. Dola ilipoanguka Januari 1991, wao hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda. Waliporwa chakula na kuuawa. Wengi walikimbilia Kenya, Dadaab. Kutoka huko takriban watu 12,000 walikubaliwa na Marekani, ndiyo maana leo utawakuta Lewiston kule Maine, kwenye theluji.

Lakini wengine walikuja Tanzania, na hapa ndipo mambo yanapopendeza. Walipelekwa Handeni. Kwanza kambi ya Mkuyu, kisha makazi ya Chogo. Walifika wakizungumza Kizigua. Kizigua cha babu wa babu zao, chenye maneno ya Kisomali ndani yake, lakini Kizigua, na mwenyeji wa Handeni aliweza kukisikia na kujibu. Zaidi ya miaka 150 ilikuwa imepita. Walipewa ardhi ya kulima, na baadaye, kwa utaratibu wa maombi ya uraia, wengi wakawa Watanzania. Katiba yetu, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake, na neno hilo halimtaji raia peke yake; linasema mtu. Nchi yetu imewahi kulivunja neno hilo mara nyingi, lakini pale Chogo ililitimiza.

Pamoja na hayo lipo jambo moja ambalo makaratasi ya uraia hayakuligusa, nami sioni pa kuliweka. Waliopokewa Handeni walipokewa kama wakimbizi wa vita ya Somalia. Njaa ya 1836 haikuandikwa kwenye fomu. Wapo waliouzwa, na wapo waliobaki kwa sababu wengine waliuzwa. Vizazi vya pande zote mbili vinaishi wilaya moja sasa na pengine vinapanda bodaboda zilezile kutoka Mkata. Akili inaniambia deni la miaka karibu 190 halina mdai wala mdaiwa. Imani, ya Kiislamu na ya Kikristo, inaniambia toba haina ukomo wa muda. Zinavutana, na sijaona haja ya kuziamua kabla watu wenyewe hawajazungumza.

Kwa hiyo simu ziko wazi. Sitaki leo mtu anipigie kuniambia dini ipi ni bora; siku hiyo tutaipanga. Namtaka mzee wa Mkata, wa Kwamsisi, wa Mazingira, wa Kwamatuku, au bibi aliyeko Korogwe kwa mjukuu wake, ambaye kwao kulibaki masimulizi ya ndugu aliyeshushwa pwani mwaka wa njaa asirudi. Na namtaka mtu wa Chogo ambaye alirithishwa jina la kijiji au la ukoo wa Uzigua kabla hata hajakiona. Mtambo wetu una laini mbili. Anza kwa kutaja jina la aliyeondoka, kama unalijua, halafu useme alikuwa nani kwenu.